Wazo la Jovia

Siku ambayo ofisi ya mji wa Busia iliwaita wananchi watoe mawazo juu ya Plaza, Jovia alifika kabla ya viti kushushwa. Alikuwa na wazo moja tu, na alijua halitapendwa.

Plaza ilikuwa jengo la ghorofa tatu kando ya barabara ya malori, upande wa Uganda. Ilipofunguliwa, watu walitoka mpaka Tororo kuja kupanda ngazi zake za umeme, wakashuka, wakapanda tena bila kununua kitu. Halafu mwenye jengo akashindwa na mkopo. Supamaketi ikafunga, maduka mengine yakafuata, na milango ikafungwa minyororo. Wezi wakatoa vioo, wakavuta nyaya, wakang'oa hata masinki ya vyooni. Chini ya jengo, palipokuwa pa kuegesha magari, maji ya mvua yakajaa yakageuka kijani, na vyura wakahamia.

Mume wa Jovia, Ojangole, alikuwa mtu wa vyuma chakavu. Aliingia humo na msumeno wake, akakata nondo zilizochomoza kwenye zege, akaenda kuziuza upande wa Kenya. Asubuhi moja ya msimu wa mvua alimwambia mkewe kwamba anakwenda kukata nondo za ule mteremko wa kushukia chini, na kwamba mchana atakuja kula. Hakuja. Mchana huohuo mvua kubwa ilinyesha, na nusu ya ule mteremko ikaporomoka ndani ya maji. Ilianguka kwa kishindo kilichosikika mpaka sokoni, ambako Jovia alikuwa akiuza dagaa waliotoka Lumino.

Alikwenda polisi. Wakamwuliza ni nani aliyemwona mumewe akiingia. Hakuwa na jina la kuwapa. Wakaandika kwamba mtu amepotea, wakamwambia arudi nyumbani asubiri.

Kisha mwendesha boda mmoja akaleta habari kwamba amesikia Ojangole yuko Tiira, anachimba dhahabu, na ameoa mwanamke wa huko. Habari hiyo ilishika mji mzima. Ilikuwa tamu, nayo ile ya Jovia, kwamba mumewe amefukiwa Plaza, ilikuwa chungu. Yeye peke yake hakuiamini, kwa sababu koti la Ojangole lilikuwa bado limetundikwa msumarini, na kitambulisho chake kimo mfukoni mwa koti. Mtu atatoroka vipi msimu wa mvua bila koti lake la pekee, tena bila kitambulisho? Hayo ndiyo aliyowaambia watu. Lakini akiwa peke yake alijikuta mara nyingine akiomba kwamba wawe wanasema kweli, kwamba mumewe awe amemkimbia, awe amelewa mahali fulani na mwanamke mwingine. Kisha alilitazama lile koti, moyo ukamrudi palepale.

Aliyeumia zaidi ni Acom, mama yake Ojangole, aliyekuwa ametoka kwake karibu na Tororo akaja kukaa kwa Jovia kumsubiri mwanawe. Kila siku alimtengea sahani. Chakula kilipochacha alikimwaga, akatenga kingine. Kwa Acom, mwanawe alikuwa Tiira, na asingeruhusu mtu aseme vingine.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya Plaza. Afisa mipango wa mji, kijana mmoja mpole aitwaye Nathan, alisimama kando ya ubao mweupe, akaeleza kwamba jengo sasa liko mikononi mwa mji na kwamba kila mtu yuko huru kusema anataka pageuzwe nini.

Watu walikuwa wamejiandaa. Wanawake wa mahindi walitaka soko lenye paa na sakafu ya kuanikia nafaka, maana mvua huwaozeshea magunia wakingoja kuvuka mpaka. Mwalimu mmoja alitaka chuo cha ufundi, vijana wafundishwe kutengeneza injini badala ya kubeba sukari ya magendo kwenye baiskeli. Mchungaji alitaka ukumbi. Mama mmoja mwenye mguu uliovimba alitaka hospitali, akaanza kuuonyesha ule mguu, mpaka Nathan akamwomba kwa upole aketi. Kila wazo lilipigiwa makofi na kuandikwa ubaoni.

Wa mwisho alikuwa Okochi, mfanyabiashara wa malori ya mafuta. Hakupaza sauti. Alisema atajenga kituo cha mafuta, maegesho ya malori na vyumba vya kulala madereva. Yeye hahitaji mji umpe chochote ila ruhusa. Lile shimo la maji chini ya jengo atalijaza kifusi wiki hiyohiyo, watoto waache kuugua malaria. Hapo makofi yalikuwa makubwa kuliko yote.

Jovia akasimama.

"Mimi wazo yangu ni moja," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kabla hamjamwaga udongo, vuteni maji kwanza. Bwana yangu iko chini ya hiyo zege."

Nathan alishusha kalamu yake.

"Dada, pole," alisema. "Lakini hapa tunakusanya mawazo ya maendeleo. Hilo ni jambo la polisi."

"Polisi wamesema nilete mtu aliyeona. Nani ataona mtu ndani ya maji?"

Nyuma mtu akasema, "Ojangole yuko Tiira, anakula dhahabu!" Kicheko kikazuka, kikapita safu hadi safu. Jovia aliwatazama watu anaowauzia dagaa kila siku wakifuta machozi ya kucheka.

Kilichomkata maini hakikuwa kicheko. Acom alinyanyuka katikati ya wanawake, akamnyooshea kidole.

"Mwanangu yu hai!" alisema. "Wewe ndiye unayetaka kumzika. Unataka uwe mjane upesi uolewe tena? Keti chini. Unaniaibisha."

Jovia akaketi. Hakusikia kilichosemwa baada ya hapo. Watu walipotawanyika, ubaoni mawazo yote yalikuwa yamekatwa kwa mstari isipokuwa la Okochi, na kando yake pameandikwa kifusi kimwagwe keshokutwa. Wazo lake yeye halikuwa limeandikwa kabisa.

Kesho yake alfajiri alikwenda Tiira. Aliona hana njia nyingine. Kama mumewe yuko huko, ajue. Kama hayuko, arudi na neno la kuwaambia watu.

Tiira watu wote walikuwa na rangi moja, ya udongo. Mashimo yalikuwa kila mahali, mengine yamefunikwa turubai, mengine yamezungushiwa magogo ya mikaratusi, na kando ya kila shimo wanawake walikuwa wameinama wakichuja matope kwenye mabeseni. Jovia alipita akiuliza. Wengi walitikisa kichwa bila kumtazama. Kisha akafika kwenye shimo la mtu mmoja mrefu aitwaye Imalingat, aliyekuwa mkubwa wa wachimbaji wa hapo.

"Ojangole?" Imalingat alisema. "Ndiyo, yuko. Yuko chini. Subiri, sasa hivi anapanda."

Jovia alishika gogo.

Alisubiri mdomoni mwa shimo huku kamba ikivutwa. Alikuwa amekuja na matusi yake tayari, lakini hakupata hata moja. Alijisikia akicheka. Alikuwa akijiambia kwamba hatamwuliza lolote. Huyo mwanamke mwingine aje naye, wale pamoja, walale pamoja, bora huyu mtu apande atoke kwenye hili shimo. Kamba ikavutwa, kikatokea kichwa, kisha mabega yaliyojaa matope. Mtu yule akajifuta macho kwa kiganja akamtazama.

Hakuwa yeye. Alikuwa kijana mwembamba mwenye pengo mbele, hata umri wao haukukaribiana.

"Nani ananitafuta?" aliuliza.

"Wewe ndiye Ojangole?"

"Ndiye mimi. Ojangole wa Tiira. Hakuna mwingine hapa."

"Umeoa hapa?"

"Nimeoa. Kwa nini?"

Jovia aliketi juu ya udongo uliotolewa shimoni, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mumewe apotee. Wanawake waliacha mabeseni yao. Imalingat alimletea maji ya kunywa, akachuchumaa pembeni mpaka alipoweza kusema. Kisha akasikiliza yote, mteremko, mvua, koti, mkutano na kifusi cha Okochi, bila kumkatiza.

"Kifusi kinaanza lini?" aliuliza mwishowe.

"Kesho."

Imalingat alikwaruza udongo kwa kidole. "Mashine yetu ya kuvuta maji iko kwenye shimo la wenzetu, siwezi kuitoa leo. Keshokutwa asubuhi nitakuja nayo, na vijana, na magogo ya kuegemezea ile zege. Hapa mtu akifunikwa hatuendi kulala mpaka atoke. Lakini lazima uyazuie hayo malori siku moja. Wakishamwaga, sitaweza kufukua."

"Nitayazuia vipi? Nani atanisikia?"

Ni yule kijana mwenye pengo aliyesema, huku akitazama chini kana kwamba kosa ni lake, "Mimi nitakwenda na wewe leo. Nijionyeshe kwa huyo mama mkwe wako."

Walimkuta Acom nje ya nyumba akichambua maharage. Aliponyanyua macho na kuona Jovia yuko na mwanamume aliyejaa udongo wa machimbo, alisimama haraka mpaka ungo ukamwagika.

"Mama," yule kijana alisema kwa Kiteso, akiwa amepiga magoti, "wanaposema Ojangole yuko Tiira, wananisema mimi. Jina langu ni hilo. Nimechimba pale miaka yote, namjua kila mtu. Mwanao hajawahi kufika."

Acom alimtazama uso, akamtazama mikono. Alimwuliza jina la baba yake, akamwuliza ukoo wake, akamwuliza kama hakuna shimo jingine, kijiji kingine, mtu mwingine. Kijana alijibu kila swali, na kila jibu lilimfanya Acom apungue kidogo, mpaka ikawa kama nguo zake zimebaki kubwa. Kisha akainama akaanza kuokota maharage moja moja kutoka vumbini. Jovia aliinama akamsaidia. Jioni hiyo Acom hakutenga sahani.

Malori ya Okochi yalikuja asubuhi yakiwa matatu, yamejaa kifusi chekundu. Jovia alikuwa amejipanga kusimama mbele ya magurudumu yake. Alipofika Plaza alikuta mtu amemtangulia. Acom alikuwa ameketi kwenye ukingo wa ule mteremko uliovunjika, mahali hasa pa kumwagia, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayeota jua.

Jovia akaenda akaketi kando yake.

Dereva wa lori la kwanza alikuwa kijana wa upande wa Kenya aliyeitwa Kevo. Alipiga honi, akapiga tena, kisha akatoa kichwa dirishani, akimwita Acom mama kwa Sheng yake.

"Mathe, si mtoke hapo kwanza! Nikirudi nyuma nitawaumiza, na mimi sitaki kesi bana."

"Rudi," Acom alisema.

Kevo alizima injini akapiga simu. Hazikupita dakika nyingi Okochi akafika na gari lake, na Nathan yumo ndani. Watu nao walikuwa wameanza kujaa. Okochi alishuka akavua miwani.

"Mama, mimi sina ubaya na nyinyi," alisema. "Lakini hii kazi nimepewa na mji. Kila mtu alikuwepo, kila mtu alipiga makofi. Hata wewe ulisema mwanao yuko hai."

"Nilisema," Acom alijibu. "Nilikuwa nimekosea. Subirini kesho, watu wa Tiira waje na mashine."

"Kesho mtasema keshokutwa. Nathan, piga simu polisi wawatoe."

Nathan alishika simu yake lakini hakuibonyeza. "Mama Acom," alisema, "hata mkikaa hapa, hakuna uhakika kwamba..."

Acom alinyanyuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti yake, na Jovia alimshika kiwiko. Alipokwisha kusimama wima, aliweka mkono kwenye fundo la kanga aliyojifunga kiunoni.

"Mimi ni mzazi," alisema. Sauti haikuwa kubwa, lakini uwanja wote uliisikia. "Mwanangu yuko ndani ya haya maji. Atakayemwaga udongo juu yake, aniangalie kwanza nilivyoumbwa. Akishaniona, aende zake na alichokiona, kimkae yeye na watoto wake."

Hapakuwa na mtu pale asiyeijua laana ya kuona uchi wa mzazi. Wanawake walianza kupiga yowe. Wanaume wa boda waligeuza pikipiki zao. Kevo aliruka chini kutoka kwenye lori akiwa amefunika macho kwa kofia yake, akisema, "Mathe tafadhali, usinifanyie hivyo, mimi ni mtoto wa watu," akaondoka kwa miguu kuelekea mpakani, funguo akiziacha kwenye lori. Madereva wenzake walimfuata. Okochi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Alirudi garini kinyumenyume na bila kuangalia, akamwambia Nathan wakiwa wamefunga milango kwamba siku moja haina neno, siku moja na wapewe.

Acom alibaki na mkono kwenye fundo mpaka gari lilipopotea. Kisha akaketi. Wanawake wa mahindi, walewale waliocheka, walileta chai. Mmoja akaketi, na mwingine, na mpaka jioni ukingo wote ulikuwa umejaa.

Imalingat alifika kama alivyosema, amepakia mashine na magogo kwenye pikapu. Walivuta maji tangu asubuhi. Maji ya kijani yalitiririka mtaroni yakinuka, na kadiri yalivyoshuka ndivyo mambo ya Plaza yalivyotokea, matairi, viti, vitoroli vya supamaketi vimeota kutu, mdoli wa dukani asiye na mikono. Huyo mdoli alipochomoza, Jovia alipiga kelele, ikabidi ashikwe. Baada ya hapo hakupiga kelele tena.

Wachimbaji waliegemeza magogo chini ya zege iliyoporomoka, wakajaribu kila gogo kwa nyundo. Imalingat akaingia akitambaa, kamba kiunoni. Hakukaa sana. Alipotoka alivua kofia yake ya plastiki na kusimama mbele ya wale wanawake wawili akiwa ameishika kwa mikono yote miwili.

"Yuko," alisema.

"Ni yeye?" Acom aliuliza. Mpaka wakati huo, sauti yake ilikuwa na kitu kidogo cha matumaini, na Jovia hakuweza kukivumilia. Aliteremka mwenyewe. Kijana Ojangole wa Tiira alimshika mkono kwenye utelezi na kumwinamisha chini ya magogo.

Uso haukuwa wa kutazamwa. Lakini shati alilifua yeye, na kifungo cha pili alikishona yeye kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka kuelekea kwenye mwanga. Jovia aliugusa. Kisha akapanda juu, akamshika mama mkwe wake mabegani.

"Ni yeye, mama."

Polisi walikuja na glavu na karatasi zao, wakauliza maswali ambayo mwanzoni hawakutaka kuyauliza. Nathan alikuwepo. Alisogea karibu na Jovia, akafungua mdomo, akasema, "Samahani, dada." Jovia hakumchukia. Hakuwa na nafasi ya kumchukia mtu.

Walimzika nyumbani kwa Acom, mahali ambapo ukisimama unaona mwamba wa Tororo. Wachimbaji wa Tiira walikuja wakachimba kaburi wenyewe, wakakataa kusaidiwa na mtu. Wiki iliyofuata malori ya Okochi yalirudi Plaza. Safari hii hakuna aliyeyazuia. Shimo likajazwa, jengo likaanza kubomolewa kutoka juu, na ubao ukawekwa barabarani wenye picha ya kituo cha mafuta kilichojaa taa. Wanawake wa mahindi waliendelea kuanika nafaka zao kando ya lami.

Jovia hakurudi Busia upesi. Alibaki na Acom kupalilia mihogo, kwa sababu hakujua aende wapi na kwa sababu Acom hakumwambia aondoke. Siku moja, wakiwa shambani, Acom aliacha jembe likiwa limesimama kwenye udongo.

"Nilitaka awe mbaya," alisema. "Unanisikia? Nilitaka mwanangu awe mtu mbaya, mwongo, aliyetupa mke wake. Nilimwomba Mungu hivyo kila siku."

"Hata mimi, mama," Jovia alisema. "Kule Tiira, waliponiambia anapanda, nilikuwa nimekwisha kumsamehe. Nilikuwa nimemsamehe yote."

Acom aling'oa jembe udongoni. Kisha akamwambia jua limekuwa kali, wakaketi pamoja kwenye kivuli cha mihogo, kivuli kidogo kisichotosha watu wawili, na Acom akasogea ili Jovia apate mahali.